H si ya hatari: kusoma damu ya mgonjwa mwenye virusi vya mapafu

Mwaka 2021, wimbi la UVIKO-19 likiwa limepamba moto, baba yangu mdogo alinitumia kwa WhatsApp picha ya karatasi ya maabara. Ilikuwa siku yake ya pili wodini. Karatasi aliilaza juu ya shuka la maua akaipiga picha kwa upande, ikabidi nigeuze simu ili nisome. Kando ya safu ya namba palikuwa na herufi: H, H, L, H. Chini yake akaandika: "Mwanangu, hizi H ni za hatari, hilo nimeshaelewa. Na hii L je?"

Nilicheka, kisha nikaona haya. H ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya juu, na L ni ya chini. Mashine huzichapa yenyewe kila namba inapotoka nje ya mipaka iliyowekewa. Haijui kama mwenye damu ni mzee wa miaka 68 anayehema au kijana aliyekuja kupima afya kwa ajili ya ajira. Hata hivyo, swali la baba mdogo lilikuwa lile lile lililokuwa likiwasumbua madaktari kuanzia Wuhan hadi London: kwa kutazama damu ya leo, unaweza kujua nani kesho atahitaji mashine ya kupumulia na nani atarudi nyumbani kula ugali wake?

Unaweza, kwa kiasi. Ugomvi wote uko kwenye hicho kiasi.

Kwanza tuelewane jambo moja. Kile kijiti kinachoingizwa puani kinamtafuta mgeni mwenyewe, yaani kirusi. Vipimo vya damu ninavyovizungumzia hapa havimtafuti mgeni. Vinapima namna wenyeji walivyompokea. Kirusi cha mafua makali, cha korona au kile cha RSV kinachowatesa watoto wachanga hufanya kazi yake zaidi kwenye njia za hewa, na katika damu huenda kisionekane kabisa. Kwa korona hasa, wengi waliozidiwa walizidiwa wakati kirusi chenyewe kimeshaanza kupungua. Kilichokuwa kikiwaangusha ni vita: kinga iliyopigana hadi ikaanza kubomoa kuta za nyumba yake, vifuko vya hewa vikavuja maji, damu ikaganda kwenye mishipa midogo ya mapafu. Viashiria vya damu ni habari za vita hiyo, na habari za vita, kama tunavyojua, hufika zikiwa zimechelewa, zimekuzwa, au zinahusu vita nyingine kabisa.

La mgambo likilia

Kiashiria kinachojulikana zaidi ni CRP. Mwaka 1930, William Tillett na Thomas Francis wa Taasisi ya Rockefeller, New York, waliona kwamba damu ya wagonjwa wa nimonia ina kitu kinachong'ang'ania kipande fulani cha bakteria wa nimonia. Kipande hicho walikuwa wamekipa herufi C, na protini iliyokishika ikabaki na herufi hiyo hadi leo. Huzalishwa na ini. Chembe za kinga zikikutana na uharibifu mahali popote mwilini, hutuma ujumbe wa kemikali, na mjumbe mkuu huitwa interlukini-6. Ini likipokea ujumbe huo, ndani ya saa chache linaanza kumwaga CRP kwenye damu. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa chini ya miligramu 5 au 10 kwa lita. Nimonia kali inaweza kuipandisha hadi 200 na zaidi.

Waswahili wana usemi kwamba la mgambo likilia kuna jambo. CRP ndiyo hiyo mbiu. Ikilia, jambo lipo. Jambo gani, haisemi. Malaria huipandisha, kifua kikuu huipandisha, jipu huipandisha, upasuaji wa juzi huipandisha. Katika nchi ambayo mtoto mwenye homa anaweza kuwa na malaria na mafua kwa wakati mmoja, mbiu hiyo inaweza kulia kwa sababu mbili na wewe ukasikia moja.

Ina sifa moja nzuri ambayo wengi hawaitumii. Nusu yake huondoka kwenye damu kila baada ya saa 19 hivi, awe mtu mgonjwa au mzima. Kwa hiyo kinachoamua iko juu kiasi gani ni kasi ya ini kuizalisha tu. Namba moja ya CRP ni picha ya mnato. Namba mbili zilizopishana siku moja au mbili zinaonyesha mambo yanaelekea wapi. Mtu aliyeingia na 140 akawa na 60 kesho kutwa yuko katika hali tofauti kabisa na aliyeingia na 60 akafika 140, ingawa karatasi zao zote zina H.

Chembe zinazotoroka damu

Ile L ya baba mdogo ilikuwa ya limfositi, kundi la chembe nyeupe linalobeba kumbukumbu na ustadi wa kinga dhidi ya virusi. Katika taarifa ya kwanza kabisa ya wagonjwa 41 wa Wuhan, iliyochapishwa Januari 2020, 26 kati yao walikuwa na limfositi pungufu. Baadhi ya chembe hizo huhamia kwenye mapafu kunakopiganwa, nyingine hufa. Wakati huo huo nyutrofili, askari wa miguu wa kinga, huongezeka. Ndiyo maana madaktari wengi walipenda kugawanya namba ya nyutrofili kwa ya limfositi. Kwa baba mdogo nyutrofili zilikuwa 6.9 na limfositi 0.6, uwiano wake ni 11 na nusu, wakati mtu mzima wa afya mara nyingi huwa kati ya 1 na 3. Hesabu hiyo haihitaji kipimo kipya. Picha ya kawaida ya damu, ambayo hata hospitali ya wilaya inaipima, inakupa namba zote mbili.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo mipaka iliyowekwa kwa damu za watu wa nje inapotusaliti sisi hasa. Watu wengi wa Afrika kusini ya Sahara wamezaliwa bila alama iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu za damu. Ni urithi uliowakinga mababu zetu dhidi ya aina moja ya vimelea vya malaria, aina ya vivaksi. Urithi huo huo hufanya nyutrofili chache zaidi zizunguke kwenye damu, huku nyingi zikiwa zimekaa kwenye viungo. Mtu huyo si mgonjwa na wala hapati maambukizi zaidi kuliko wengine. Lakini kwenye karatasi yenye mipaka iliyotokana na damu za Wazungu, akiwa mzima kabisa anaandikiwa L.

Sasa mgeuze awe mgonjwa. Tuseme akiwa mzima nyutrofili zake ni 1.6. Anaugua, zinapanda mara tatu, zinafika 4.8. Mashine inaangalia mipaka yake, inaona 4.8 ni kawaida, haichapi kitu. Mgonjwa ambaye askari wake wameongezeka mara tatu anaonekana hana habari. Na ule uwiano, ambao Wuhan au Madrid ungepiga kelele, kwake, tuseme limfositi zake ni 1.2, unatoka 4, namba ambayo tabibu aliyesoma makala ya nje anaweza kuipita bila kusimama. Kwa upande wa pili, mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI bila matibabu anaweza kuwa na limfositi chache tangu mwaka juzi, na leo akapewa daraja la hatari ambalo halikuletwa na ugonjwa wa leo. Kipimo hakijakosea katika visa hivi viwili. Rula ndiyo iliyotengenezwa kwa mguu wa mtu mwingine.

Namba ya 18

Machi 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 191 kutoka hospitali mbili za Wuhan. 137 walitoka salama, 54 walifariki. Watafiti walitazama damu waliyotoa siku ya kulazwa na kuuliza nini kiliwatofautisha. Feritini, ambayo siku za amani ni ghala la chuma, ilikuwa juu kwa waliofariki. Kimeng'enya cha LDH, kinachovuja chembe zinapopasuka, kilikuwa juu. Troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia, ilikuwa juu. Lakini kilichoshika vichwa vya habari ni D-dima.

D-dima ni mabaki. Damu inapoganda, nyuzi za fibrini husukwa kama wavu. Mwili unapoukata wavu huo, vipande vyake huelea kwenye damu, na kipande kimojawapo ndicho D-dima. Zikiwa nyingi, maana yake mahali fulani damu inaganda na kuganduliwa kwa wingi. Katika utafiti ule, aliyelazwa na D-dima ya zaidi ya mikrogramu 1 kwa mililita alikuwa na uwezekano wa kufa uliokadiriwa kuwa mara 18 ya mwenye kiwango cha kawaida.

Mara 18! Namba hiyo ilizunguka dunia. Kilichokuwa kimeandikwa pembeni yake kwa herufi ndogo hakikuzunguka: kwa ukubwa wa sampuli ile, ukweli ungeweza kuwa popote kati ya mara 2.6 na mara 128. Ukimwambia fundi kwamba ukuta wako una urefu wa kati ya mita 2.6 na mita 128, hatakuuzia matofali. Utafiti haukuwa mbaya. Waandishi waliandika mipaka yao waziwazi, wakiwa katikati ya maafa. Wasomaji ndio tuliochukua namba ya katikati tukaitembeza mitaani peke yake. Na D-dima hupanda kwa uzee, ujauzito, saratani, kuvunjika mguu na mengineyo. Nimeona watu wazima wasio na dalili yoyote wakiipima kwa hiari "kuangalia korona imewaachia nini", wakapata H, wakakosa usingizi wiki nzima.

Neno jingine lililotembezwa bila kibali ni "dhoruba ya saitokini". Saitokini ni wale wajumbe wa kemikali wa kinga, na interlukini-6 ni mmoja wao. Picha iliyojengeka ni ya interlukini-6 iliyofurika kupita ugonjwa wowote. Watafiti walipokusanya takwimu zilizochapishwa mwaka 2020 na kuzilinganisha, walikuta wastani wa interlukini-6 kwa wagonjwa mahututi wa korona ulikuwa chini sana ya ule wa wagonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi yaliyouvuruga mwili mzima, karibu mara 27, na chini karibu mara 100 ya ule wa watu wanaopata madhara ya tiba fulani za saratani zinazochochea kinga. Uvimbe ulikuwepo, na ulikuwa ukiua. Ila neno dhoruba lilitufanya tusahau kupeleleza: ni nani hasa aliyeamrisha vita hiyo, na saa ngapi.

Aliyechelewa kupiga mbiu

Mwaka 1957 huko London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walieleza kitu kinachotolewa na chembe zilizoingiliwa na kirusi ili kuzitahadharisha chembe jirani. Wakakiita interferoni. Ndiyo mbiu ya kwanza kabisa, ya saa za mwanzo, kabla hata CRP haijaamka. Chembe jirani zikiisikia hufunga milango: huacha kutengeneza vile ambavyo kirusi kinavihitaji ili kizaliane.

Kwa baadhi ya waliozidiwa na korona, mbiu hii haikusikika. Kundi la mtafiti wa kinga Jean-Laurent Casanova na wenzake lilichapisha mwaka 2020 matokeo ambayo kwangu ndiyo ya kusisimua kuliko yote katika habari hii. Kati ya wagonjwa 987 waliokuwa na hali ya kutishia maisha, 101 walikuwa na kingamwili zinazoshambulia interferoni zao wenyewe. Yaani mgonjwa alikuwa akipiga mbiu, na kabla sauti haijafika kwa jirani, kinga yake mwenyewe inaiziba mdomo. Kati ya 101 hao, 95 walikuwa wanaume. Kwa watu 663 walioambukizwa bila dalili au kwa dalili nyepesi, hakupatikana hata mmoja mwenye kingamwili hizo.

Hiki ni kiashiria cha aina nyingine. CRP, feritini na D-dima hukwambia nyumba inaungua kiasi gani sasa hivi. Kingamwili dhidi ya interferoni huweza kuwepo kabla mtu hajaambukizwa. Hukwambia kwamba nyumba hii haina kengele. Tatizo ni la kawaida: maabara zinazoweza kupima hivyo ni chache hata Ulaya.

Saa nayo ina maneno yake. Kwa wale 41 wa Wuhan, walioanza kupumua kwa shida walifikia hapo baada ya siku 8 hivi tangu dalili ya kwanza. Mtu aliyepimwa CRP siku ya pili, akapata 12, akaambiwa yuko salama, hajaambiwa uongo. Ameambiwa habari za siku ya pili. Mafua makali ya influenza hukimbia kwa kasi tofauti. Kwa hiyo kizingiti chochote utakachosoma, uliza kilitokana na damu ya siku ya ngapi ya ugonjwa. Makala nyingi hata hazitaji.

Hesabu ya watu elfu moja

Tuchukue kipimo chenye heshima zake: katika kila watu 100 watakaozidiwa kinawanasa 80, na katika kila 100 watakaopona kinawaachia 80. Vipimo vingi vya damu vilivyosifiwa havifiki mbali na hapo.

Kipeleke kwenye zahanati, kwa watu 1,000 wenye kikohozi na homa, ambao 50 kati yao ndio watakaozidiwa. Kitawanasa 40 na kuwakosa 10. Katika 950 waliobaki, kitawatisha bure 190. Kwa hiyo watu 230 watatoka na H, na kati yao watakaozidiwa kweli ni 40, chini ya mmoja kwa kila watano. Waliotoka bila H ni 770, na kati yao watakaozidiwa ni 10 tu. Pale zahanati, kipimo hiki kinajua kutuliza kuliko kinavyojua kutisha.

Sasa kipeleke wodini, kwa watu 1,000 waliokwisha kulazwa, ambao 300 watazidiwa. Wenye H watakuwa 380, na 240 kati yao ni kweli. Hapo H ina uzito. Lakini wasio na H ni 620, na 60 kati yao watazidiwa, karibu mmoja kwa kila kumi. Kumruhusu mtu aende nyumbani kwa sababu ya karatasi hiyo ni kamari. Kipimo ni kile kile, mashine ile ile, kemikali za kopo moja. Kilichobadilika ni mlango alioingilia mgonjwa. Ndiyo maana namba iliyotoka wodi ya mahututi haiwezi kubebwa kichwakichwa hadi kijijini.

Waingereza walijaribu kuukabili udhaifu huu kwa kutoitegemea damu peke yake. Alama iitwayo 4C, iliyochapishwa Septemba 2020, ilijengwa kwa takwimu za wagonjwa 35,463 waliolazwa. Ina vitu vinane: umri, jinsia, idadi ya magonjwa mengine aliyonayo mtu, kasi ya kupumua, kiwango cha oksijeni, ufahamu, urea (taka ambayo figo huitoa kwenye damu) na CRP. Ukivihesabu, vya damu ni viwili tu. Sita vingine vinapatikana kwa kuuliza, kutazama, na kamashine kadogo ka kubana kidoleni. Wenye alama 3 au chini yake, aliyefariki ni kama mmoja kwa mia. Wenye 15 na kuendelea, walifariki zaidi ya nusu.

Namba inayobadilisha mkono wa daktari

Kujua kwamba mtu atazidiwa bila kuwa na cha kumfanyia ni utabiri wa mganga wa nyota. Kiashiria kinapata kazi pale kinapoamua dawa. Jaribio kubwa la RECOVERY la Uingereza lilionyesha njia mbili tofauti, na zote zinafundisha.

Ya kwanza ni deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni, kutoka 26.2 hadi 23.3. Kwa wasiohitaji oksijeni hakukuwa na faida, na namba zilielemea upande wa madhara. Aliyeamua nani apewe hakuwa maabara. Alikuwa ni oksijeni.

Ya pili ni tosilizumabu, dawa inayoziba mlango wa interlukini-6, na ambayo ni ghali. Hapa walichagua kwa vitu viwili pamoja: oksijeni iliyoshuka, na CRP ya 75 au zaidi. Kwa wagonjwa 4,116 waliokidhi vigezo, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 31 kwa waliopewa dawa na 35 kwa wasiopewa. Si muujiza, ni watu wanne katika kila mia. Na ona kitendawili kilichomo: ukishaziba mlango wa interlukini-6, ini halipokei tena ujumbe, CRP inaporomoka hata kama mgonjwa amepata maambukizi mapya ya bakteria. Umemtibu mtu na wakati huo huo umeikata mbiu kamba. Daktari anayefurahia CRP ya 4 kwa mgonjwa huyo anafurahia kimya.

Ugiriki na Italia walikwenda na kiashiria kingine, suPAR, kipande cha kipokezi kinachokatika kutoka kwenye chembe za kinga zilizochangamka. Katika jaribio la SAVE-MORE la wagonjwa 594, aliyekuwa na nanogramu 6 kwa mililita au zaidi aliingizwa kwenye utafiti wa dawa ya anakinra kabla hajafika hatua ya mashine, na waliopewa dawa walifanya vizuri zaidi. Ulaya iliidhinisha dawa hiyo kwa utaratibu huo Desemba 2021. Marekani iliporuhusu matumizi ya dharura mwaka 2022, ilikuta kipimo cha suPAR hakipatikani madukani kwao, ikabidi watunge vigezo mbadala. Kwa hiyo usidhani ni zahanati ya kwenu tu inayokosa kipimo.

Virusi au bakteria?

Kwa Afrika Mashariki, swali lenye tija zaidi huenda si "nani atazidiwa" bali "nani asipewe antibayotiki". Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa, wa chini ya miaka 10, Dar es Salaam na Ifakara. Matokeo yalichapishwa 2014: virusi vilikutwa kwa watoto saba katika kila kumi. Malaria ilikuwa karibu moja ya kumi ya magonjwa yote yaliyobainishwa. Ilhali ukisimama dirisha la dawa jioni utaona karibu kila mama anatoka na chupa ya amoksilini.

Kiashiria kinachosifika kwa kutenganisha ni prokalsitonini. Huzalishwa kwa wingi bakteria wakishambulia, huku interferoni za vita vya virusi zikiizuia kupanda. Kwenye karatasi inapendeza. Kitandani, malaria nayo huipandisha, na mgonjwa wa virusi ambaye figo zimechoka naye anaweza kuwa nayo juu.

Dar es Salaam walijaribu njia ya busara zaidi. Katika mfumo ulioitwa e-POCT, tabibu alishika kompyuta ya mkononi inayomwongoza swali kwa swali, na pale tu ilipohitajika ikamwambia achome kidole apime CRP au prokalsitonini, au abane kidole apime oksijeni. Matokeo ya 2017, kwa watoto wa miezi 2 hadi 59: waliopewa antibayotiki siku ya kwanza walikuwa asilimia 11.5, dhidi ya 29.7 kwa mwongozo wa kielektroniki usio na vipimo hivyo. Na walioshindwa kupona hadi siku ya saba walikuwa wachache zaidi, asilimia 2.3 dhidi ya 4.1. Toleo lililofuata lilijaribiwa kwenye vituo 40 vya Mbeya na Morogoro. Matokeo yake ya 2024 yalionyesha antibayotiki kwa asilimia 23.2 ya watoto wagonjwa, dhidi ya 70.1 kwenye vituo vya utaratibu wa kawaida, bila watoto kudhurika zaidi. CRP ilikuwemo, kama kiungo kimoja kwenye chungu. Kuuliza kwa mpangilio kulifanya sehemu kubwa ya kazi.

Kwa kichanga mwenye RSV ningeiacha sindano kabisa, isipokuwa kama kuna shaka ya jambo jingine. Ugonjwa wake ni wa mabomba: vijia vya hewa ni vyembamba kama mrija, vikivimba na kujaa makamasi hewa haipiti, na damu haina namna nzuri ya kukueleza hilo. Fungua nguo, tazama mbavu kama zinaingia ndani, hesabu pumzi dakika nzima. 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Nesi mwenye saa ya mkononi anaweza.

Nilimwandikia baba mdogo haya yote, kwa ufupi wake, nikamwambia L ni ya chini na H ni ya juu. Akanijibu kwamba daktari wa zamu alipopita hakuitazama karatasi mpaka mwisho. Alivuta kiti, akamshika mkono kama anayesalimia, kumbe anahesabu pumzi, 28. Akambana kidole, oksijeni ikasoma 90. Akamwekea mipira ya puani na kuandika deksamethasoni.

Siku ya nne ikaja picha nyingine, safari hii imenyooka. CRP ilikuwa imetoka 96 hadi 41. Dawa ile nayo huishusha, kwa hiyo sikuipa uzito kama alivyoipa yeye. "H zimebaki mbili," aliandika, "na L imeondoka." Nikamuuliza akitoka kitandani kwenda chooni anahema. Ukapita muda, alama ya kusomwa ipo, jibu hakuna, nikaanza kutafuta namba ya shangazi. Halafu: "Samahani, nilikwenda kuhakikisha. Nimekwenda na kurudi. Nimesimama mara moja tu, mlangoni, na hapo nilikuwa namsalimia mtu."